Kupanga Nyumba Savannah: Nusa Kwanza, Saini Baadaye

Nyumba yangu ya kwanza Savannah niliipangia mlango. Ulikuwa mlango wa kijani, umejificha chini ya ngazi za matofali, na pembeni yake kuna fito za chuma zilizosokotwa kama ususi. Nikasaini siku ileile. Wiki tatu baadaye nikavuta viatu vya ngozi vya mume wangu kutoka chini ya kitanda, navyo vimeota ukungu mweupe kama vimenyunyiziwa unga. Mimi ni mtu wa Tanga, unyevu wa bahari naujua tangu utotoni, na bado mlango ulinihadaa.

Tangu hapo nimehama mara tatu ndani ya mji huuhuu, na kila anayekuja huku hunipigia simu kuuliza yaleyale. Nimeona niyaandike mahali pamoja.

Savannah, jimbo la Georgia, ni mji mdogo kwa vipimo vya Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wasiofika 148,000. Wanaogombea nyumba, hata hivyo, ni wengi: wanafunzi wa SCAD, chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1978 na ambacho kimechukua majengo mengi ya kale, askari wa Hunter Army Airfield, mafundi wa ndege wa Gulfstream, watu wa bandarini, na tangu Hyundai waanze kuunda magari Ellabell, nje ya mji, mwaka 2024, wafanyakazi wa kiwanda hicho na wa viwanda vinavyokipelekea vipuri. Watalii nao wanataka kulala katika nyumba zilezile. Ukija bila mpango utachukua kilichobaki, na kilichobaki mara nyingi ni chumba cha chini chenye mlango mzuri.

Hatua ya kwanza: ujue mji ulivyokaa

James Oglethorpe alipofika hapa Februari 1733 aliuweka mji juu ya ukingo mrefu wa mto, kama mita 12 juu ya maji. Akaukata kwa wodi, yaani mitaa midogo. Kila wodi ina kiwanja chenye miti katikati, nyumba za watu kaskazini na kusini yake, majengo ya umma mashariki na magharibi. Viwanja hivyo vilifika 24, leo vimebaki 22. Kimoja, Ellis Square, kilifunikwa na gereji ya kupaki magari miaka ya 1950, na wakazi hawakukisahau mpaka gereji ikavunjwa na kiwanja kikafunguliwa tena mwaka 2010. Hasira ya kuvunjwa kwa soko la kale lililokuwa hapo ndiyo iliyowasukuma wanawake saba kuanzisha Historic Savannah Foundation, taasisi ya kulinda majengo ya kale, mwaka 1955, na kwa sababu hiyo bado kuna nyumba za kale za kupanga.

Tembea kwa miguu. Anzia mtoni, shika Bull Street uelekee kusini. Utapita viwanja vitano, utafika Forsyth Park yenye ile chemchemi ya 1858 ambayo kila bibi harusi hupigia picha, halafu nyumba za mbao za Victorian District, halafu Starland yenye mikahawa na maduka ya mitumba, halafu unavuka Victory Drive na kuingia Ardsley Park, kwenye majani yaliyokatwa vizuri na baba anaosha gari. Ukizidi kusini mpaka barabara ya DeRenne na kuendelea unaingia Southside: fleti kubwa za kisasa, maduka yenye uwanja wa kupaki, na huko bila gari utahangaika. Magharibi, karibu na uwanja wa ndege, kuna Pooler, ambayo ni mji mwingine kabisa kiserikali.

Ukingo ule wa Oglethorpe bado una kazi. Mji wa kale uko juu kidogo. Baadhi ya mitaa ya kusini yake iko chini, na mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mifereji haina pa kumwaga. Mtu wa pwani haya hahitaji kuelezwa sana: bamvua ni bamvua, Tanga au Tybee. Barabara ya kwenda kisiwa cha Tybee, US 80, yenyewe hufunikwa na maji siku za bamvua kubwa. Anayetaka kuishi Tybee na kufanya kazi mjini aweke jedwali la maji kwenye simu.

Hatua ya pili: jua unaoneshwa nyumba ya aina gani

Matangazo ya hapa yana lugha yake, na lugha hiyo ni ya kuuza.

"Garden apartment" ukiisikia unaona bustani. Ni orofa ya chini kabisa ya nyumba ya kale. Nyumba za mji huu zilijengwa zikiwa zimeinuliwa, ngazi zinapanda kutoka barabarani hadi orofa ya sebule, na chini ya ngazi hizo ndiko kulikokuwa na jiko, stoo, na mara nyingi mahali walipofanya kazi na kulala watumwa wa nyumba. Leo kumewekwa sinki na kiyoyozi, kunapangishwa. Kuna vyumba vya chini vizuri sana, baridi wakati wa joto, kuta za matofali wazi. Lakini matofali hunywa maji kutoka ardhini, na aliyepaka rangi ya plastiki juu yake amefunga maji ndani ya ukuta.

"Carriage house" ni kibanda cha magari ya farasi nyuma ya nyumba kubwa, mlango wake unatazama uchochoro. Mimi hizi ndizo ninazozipenda: zimejitenga, hazina mtu juu wala chini. Tatizo lake ni uchochoro wenyewe, kwa kuwa ndiko lori la taka linakopita alfajiri.

"Parlor floor" ni orofa ya sebule, yenye dari refu na madirisha makubwa. Ni nzuri kuliko zote na ni ghali kuliko zote. Uliza bili ya umeme ya Julai na Agosti kabla hujapendezwa na dari hilo, maana hewa yote iliyo chini yake utaipoza wewe kwa pesa yako.

Halafu kuna nyumba kubwa ya mbao iliyogawanywa vipande vinne au vitano kwa ajili ya wanafunzi. Hapo kagua kuta za ndani. Gonga. Ukuta ukilia kama kopo, utamjua jirani yako mpaka ndoto zake.

Hatua ya tatu: chagua wakati

Mwaka wa SCAD huanza Septemba, kwa hiyo kuanzia machipuko hadi Agosti nyumba nzuri za katikati ya mji hugombaniwa. Novemba hadi Januari nyumba ni chache ila hakuna msongamano, na mwenye nyumba aliyekaa na chumba kitupu wakati wa Krismasi huzungumzika.

Ushauri wangu kwa asiye na watoto wa shule: usipange mwaka mzima mara moja. Wanafunzi wengi huondoka Juni na kutafuta mtu wa kukaa badala yao hadi Agosti. Chukua miezi hiyo mitatu, kwa ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Utauona mji ukiwa na sura yake mbaya kuliko zote: nyuzi 33 kila alasiri, hewa nzito kama shuka mbichi, radi saa kumi jioni. Mtaa utakaoupenda Julai hautakusumbua mwezi mwingine.

Hatua ya nne: kagua kwa pua na mikono

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipoteleza.

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza mchana, mara ya pili baada ya mvua kubwa. Dalali akikwambia hakuna nafasi ya mara ya pili, mwambie utapita nje tu. Simama kwenye uchochoro na barabarani uone maji yanakwenda wapi. Tazama chini ya ukuta wa nje: ukiona mstari wa chumvi nyeupe au rangi iliyobanduka kwa urefu uleule mzunguko mzima, ukuta unapandisha maji.

Jirani yangu wa pili, mama mtu mzima wa Kigeechee, yaani wa uzao wa Waafrika walioletwa pwani hii utumwani, aliyezaliwa mtaa huohuo, alinifundisha kitu nilichopaswa kukijua: ukifunguliwa mlango, usiseme neno wala usitazame chochote kwa nafasi ya pumzi tatu. Nusa tu. Baada ya hapo pua inazoea na haikwambii tena. Harufu ya udongo mbichi ni unyevu. Harufu kali ya marashi ya kuchomeka ukutani ni unyevu uliofichwa.

Kisha fungua kabati lililo kwenye ukuta wa nje, weka kiganja ndani, pembeni chini kabisa. Angalia chini ya sinki. Angalia kama kuna mashine ya kukausha hewa inayonguruma kwenye kona. Kama ipo, uliza kama inabaki na nani anailipia umeme. Mimi niliiona, nikadhani ni spika.

Madirisha ya kale hupandishwa kwa kamba na vizito vilivyofichwa ndani ya fremu. Jaribu kila moja. Mengi yamefungwa kwa rangi iliyopakwa juu ya rangi kwa miaka mia, na dirisha lisilofunguka chumbani ni hatari siku ya moto. Rangi hiyo pia ni suala lenyewe: nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu, kwenye rangi, na sheria ya nchi inamtaka mwenye nyumba akupe maelezo ya maandishi na kijitabu kabla hujasaini. Ukiwa na mtoto anayetambaa, tazama vumbi la rangi kwenye vizingiti vya madirisha, hasa pale yanapokwaruzana yakifunguliwa.

Washa kiyoyozi, subiri dakika kumi, uguse hewa. Fungua bomba la maji moto na la choo kwa pamoja. Hesabu soketi za umeme. Jikoni ya kale inaweza kuwa na mbili tu.

Wadudu nao. Mende wa huku ni wakubwa, wanaruka, na wenyeji huwaita kwa jina la heshima, "palmetto bug", kana kwamba ni kiumbe kingine. Hao utaishi nao kwa dawa. Wa kuogopa ni mchwa. Aprili na Mei, jioni yenye joto, kumbikumbi huzagaa kwenye taa za barabarani. Bunda au Kakamega mtu angekimbilia bakuli. Hapa ukikuta mabawa yamelundikana kwenye kizingiti ndani ya nyumba, maana yake ni kwamba wametoka ndani ya nyumba. Uliza kama nyumba ina mkataba wa kudhibiti mchwa na ulihuishwa lini.

Mwisho wa ukaguzi, kaa kwenye ngazi za mbele Ijumaa saa nne usiku. Katika eneo la kale mtu anaruhusiwa kutembea barabarani na pombe kwenye kikombe cha plastiki, na mabasi ya watalii wanaotafuta mizimu hupita na kipaza sauti hadi usiku. Kuna wanaoyapenda haya. Ukiwa muuguzi wa zamu ya alfajiri, hutayapenda.

Hatua ya tano: pesa na karatasi

Wenye nyumba wengi wanataka kipato cha mwezi kiwe mara tatu ya kodi. Kodi ikiwa dola 1,500, wanataka kuona 4,500. Wanatazama pia rekodi yako ya mikopo, na mgeni aliyefika juzi hana rekodi yoyote, jambo ambalo kompyuta yao inalisoma kama dosari. Hapo kampuni kubwa zitakukataa bila kukuangalia usoni. Watafute wenye nyumba wadogo, wanaobandika bango mbele ya nyumba. Nenda na barua ya mwajiri, taarifa za benki za miezi mitatu, na barua ya mwenye nyumba wako wa zamani hata kama ni wa Mbagala, iliyotafsiriwa. Mdhamini mwenye rekodi nzuri hufungua milango mingi.

Ada ya maombi hairudi, kwa hiyo usiombe nyumba tano kwa mpigo. Na usitume hata senti moja kwa mtu ambaye hajakufungulia mlango. Matapeli huchukua picha za nyumba inayouzwa, wanaitangaza kwa kodi ya kutupwa, kisha wanasema wako safarini kwa kazi ya kanisa na funguo zitakuja kwa posta. Ukitaka kujua, sikiliza bei: nyumba ya kiwanjani kwa nusu ya kodi ya jirani haipo.

Sheria ya Georgia kwa miaka mingi imeegemea kwa mwenye nyumba. Mji hauwezi kuweka kikomo cha kodi, kwani sheria ya jimbo inakataza. Lakini tangu Julai 1, 2024 mambo kadhaa yamebadilika. Amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi miwili. Nyumba lazima iwe inafaa kwa binadamu kuishi. Mpangaji akichelewa kodi, apewe notisi ya maandishi ya siku tatu za kazi kabla ya kupelekwa mahakamani. Ukifikishwa huko, una siku saba za kujibu. Usizipoteze ukisubiri huruma. Na mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kufuli au kukutolea vitu nje bila amri ya mahakama, hata kama unadaiwa.

Kabla hujatoa amana unapaswa kupewa orodha ya uharibifu uliopo tayari, uikague, uisaini. Sharti hilo halimbani mtu binafsi mwenye nyumba zisizozidi kumi anayezisimamia mwenyewe, na wengi wa mji wa kale ndio hao. Basi jitengenezee yako. Siku ya kupokea funguo mimi hupiga picha kila ukuta, kila kona ya dari, ndani ya oveni, chini ya sinki, halafu namtumia mwenye nyumba zote kwa barua pepe usiku uleule na maneno mawili ya adabu. Barua pepe ina tarehe, na tarehe haibishani.

Uliza pia, kwa maandishi, kuhusu mafuriko. Sheria inamtaka mwenye nyumba akwambie kama sehemu ya kuishi imeharibiwa na mafuriko angalau mara tatu katika miaka mitano iliyopita. Umeona ulipo mtego: mara mbili si lazima aseme. Kwa hiyo swali lako liwe, "Maji yamewahi kuingia?" na jibu lije kwa barua pepe.

Ndani ya mkataba soma mambo matatu hata ukiruka mengine. Notisi ya kuhama ni siku ngapi (wengi huandika 60, na usipoitoa mkataba unajiongeza wenyewe). Ukiondoka kabla ya muda unalipa nini. Na nani anahusika na unyevu: kuna mikataba inayomtwika mpangaji jukumu la kuzuia ukungu, kana kwamba yeye ndiye aliyejenga ukuta mwaka 1850.

Bima ya mpangaji ni pesa ndogo kwa mwezi, kata. Ila haifidii mafuriko. Ya mafuriko hukatwa kando, na ile ya serikali huanza kufanya kazi baada ya siku 30, hivyo huwezi kuikimbilia ukishaona kimbunga kwenye televisheni.

Hatua ya sita: kimbunga

Msimu ni Juni 1 hadi Novemba 30. Oktoba 2016 alipita Matthew, Septemba 2017 akapita Irma, Agosti 2024 Debby akamwaga maji siku baada ya siku, na mwezi uliofuata upepo wa Helene ukaangusha miti na umeme.

Kaunti ya Chatham imegawanywa kanda za kuhama A, B na C. Jua yako siku ya kwanza. Amri ikitoka, barabara ya I-16 hugeuzwa njia zote zielekee magharibi, na foleni inaanza mapema kuliko unavyodhani. Jaza tangi Juni na usiliache lishuke nusu hadi Novemba. Weka hati zote, pasi, karatasi za uhamiaji, vyeti vya watoto, kwenye mfuko mmoja usiopenya maji, karibu na mlango. Wenyeji wazee watakwambia wao hawahami. Wao wana jenereta, binamu kumi na mti wanaoujua utaangukia wapi. Wewe hama. Clarkston, karibu na Atlanta, ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari siku ya kawaida, na huko utakuta Wakongo na Wasomali wa kutosha na mtu wa kukupa chai ya tangawizi.

Hatua ya saba: gari

Eneo la kale mitaa husafishwa kwa ratiba, usiku au alfajiri, na kibao kinasema siku na saa. Ukipaki upande usio wake, faini. Nimelipa nne katika mwaka wangu wa kwanza. Piga picha kibao cha mbele ya nyumba yako, uiweke iwe kengele ya simu. Uliza kama mtaa wako una kibali cha wakazi. Mhamiaji mpya ana siku 30 za kuchukua leseni ya Georgia na kusajili gari, na andaa pesa, maana kodi ya gari hulipwa hapohapo.

Anayeishi na kufanya kazi katikati ya mji anaweza kukaa bila gari. Basi dogo la "dot" linalozunguka hapo ni bure, na feri ya kuvuka mto pia ni bure. Panda hiyo feri jioni moja uone meli ya makontena ikipita mbele ya mikahawa, ndefu kuliko mtaa, karibu kiasi cha kumpungia baharia.

Machi 17 usijaribu kwenda popote. Gwaride la St. Patrick, mtakatifu wa Waayalandi, limekuwapo tangu 1824 na ni kati ya makubwa nchini. Gari litoe siku moja kabla au liache mpaka waimbaji walale.

Hatua ya nane: kuishi na watu

Huku watu husalimiana. Ukipita kwenye baraza ya mtu bila kusalimia umeonesha huna malezi, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufundishwa. Mwanamke mtu mzima huitwa "Miss" na jina lake la kwanza, kama tunavyosema Bi Mwanaisha. Dalali, fundi bomba, karani wa maji, wote anza nao kwa hali na hewa kabla ya shida yako. Fundi wangu huja siku ileile, na nina hakika ni kwa sababu namuulizia mguu wa mkewe.

Dari za baraza utaziona zimepakwa samawati hafifu. Ni desturi iliyotoka kwa Wagullah Geechee, wajukuu wa Waafrika walioletwa kulima mpunga na pamba ya visiwani, kuwazuia pepo wasiingie. Usiipake rangi nyingine. Kwa kweli usipake chochote kwa nje bila kuuliza: eneo la kale lina bodi inayopitisha hata mabadiliko madogo ya mbele ya nyumba, na dishi la televisheni lako litamletea mwenye nyumba barua.

Tenga Jumamosi moja uende First African Baptist, kanisa lililokamilika 1859 kwa mikono ya watumwa waliokuwa wakijenga usiku baada ya kazi. Sakafuni kuna matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio ambao waongozaji husema ni alama ya Wakongo, Wakongo wa Atlantiki, mbali na wenzetu wa Kivu, na kwamba chini yake walipumua waliokuwa wakitoroka. Baada ya hapo zile kuta za orofa ya chini hutaziangalia kama zamani. Wormsloe, shamba la kale la enzi za ukoloni, nako utakuta magofu ya "tabby", ukuta wa chokaa ya chaza zilizochomwa, mchanga na makombe. Mtu wa Lamu atapapasa na kujiona yuko nyumbani, isipokuwa sisi tunachoma matumbawe.

Chakula hakina shida. "Collard greens" ndiyo sukuma wiki, na inauzwa mafungu makubwa kuliko Nairobi. Bamia ipo, kunde zipo kwa majina kumi. Unga wa mahindi meupe uko kila duka, lakini soma mfuko: ukiandikwa "self-rising" umetiwa "baking powder" na chumvi. Ugali wangu wa kwanza uliumuka kama andazi na watoto wakaula kwa sukari.

Usubi watakuja Machi na Aprili, jioni isiyo na upepo. Hawaonekani, wanauma. Jirani atakupa mafuta anayoyaamini. Kila jirani ana yake.

Hatua ya mwisho: kuondoka

Toa notisi kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa. Acha anwani mpya, kwani amana hurudi kwa posta ndani ya siku 30, na ikikatwa lazima uletewe maelezo ya kilichokatwa. Piga tena zile picha kona kwa kona, kwa mpangilio uleule. Ile nyumba ya mlango wa kijani walinikata karibu amana yote kwa "uharibifu wa unyevu", na sikuwa na picha hata moja ya siku niliyoingia. Nyumba iliyofuata nilikuwa nazo 114. Mwenye nyumba alijaribu kukata, nikamtumia, akarudisha hadi senti.

Juzi nilipita mbele ya mlango ule. Umepakwa rangi upya, kijani kilekile, na bango la kupangisha liko dirishani. Kijana mmoja mwenye mkoba wa SCAD alikuwa amesimama akiupiga picha. Nikavuka barabara, nikamsalimia, nikamuuliza kama ameshanusa ndani.